Mwende Hakuwa Mfano

Nimeambiwa kwamba mwezi huu mmepewa helmeti na filimbi, na kwamba meneja wenu mpya amewaomba wazee wa kazi waandike kidogo juu ya mambo waliyoyaona. Mimi ni Mwangi, yule ambaye picha yake iko ukutani pale stoo, nikiwa bado na nywele. Nilifanya kazi katika kambi hiyo tangu ilipokuwa na mahema manne na choo kimoja cha mabati, hadi magoti yaliponiambia basi. Sitawapangia mambo kwa utaratibu, kwa sababu hata kichwani mwangu hayana utaratibu. Lakini kuna jambo moja ambalo mtalisikia hadi mwisho. Kazi hiyo ya kuwapandisha wageni kwa kamba, ambayo niliipenda na bado naipenda, karibu inipotezee binti yangu. Na kosa halikuwa la kazi, lilikuwa la mdomo wangu.

Nianze na kamba, maana najua baadhi yenu mnazikanyaga. Usikanyage kamba. Udongo wetu huku una mchanga mkali, nao ukiingia ndani ya kamba unakata nyuzi polepole huku nje inaonekana safi. Haya nilifundishwa na Mzee Kilonzo, fundi wa kwanza wa kambi, mtu mfupi wa maneno machache, aliyekuwa akichimba visima kwa mikono kule upande wa Mutomo kabla hajaja kutujengea majukwaa ya kupandia. Mtu aliyeshushwa shimoni kwa kamba miaka na miaka hahitaji kuhubiriwa juu ya kamba. Kila asubuhi aliipitisha kamba nzima vidoleni akiwa amefumba macho. Nilimuuliza kwa nini anafumba.

"Macho inapenda rangi," akasema. "Kidole haina habari ya rangi."

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa la mbuzi. Nilifua kamba kwa sabuni ya kipande, nikazianika kwenye ua, nikaenda kunywa chai. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kamba iliyoshikwa na mikono ya watu wengi huwa na chumvi ya jasho, na chumvi hiyo haitoki yote kwa sabuni. Niliporudi, mbuzi wa jirani walikuwa wamejipanga uani kama washirika wa kanisa wanaongoja meza ya Bwana, kila mmoja akitafuna sehemu yake ya kamba. Kesho yake akina mama wa kanisa moja la Nairobi walifika wakakuta hakuna cha kupandia. Nikawatembeza kilimani nikiwaambia huo ndio mpango wa siku. Walifurahi sana, na mmoja aliandika kwamba Mungu alisema naye njiani. Mimi nilijua aliyesema ni mbuzi.

Jambo lingine la kamba, kisha niwaache. Siku moja mzee wa kanisa, mtu mwenye mwili wake, aliteleza kutoka juu ya ukuta wa kupandia. Mimi ndiye niliyekuwa chini nimeshika. Kamba ilimdaka vizuri, akaning'inia pale akiimba pambio, watu wakapiga makofi. Asubuhi iliyofuata Kilonzo aliichukua kamba ile akaikata vipande vya kufungia mitungi ya maji. Nilikasirika, kwa sababu ilikuwa mpya kabisa.

"Mpya kwa nje," alisema. "Lakini imebeba mzigo moja kubwa. Ndani hujui ni nyuzi gani imekatika."

Sikumwelewa vizuri siku hiyo. Nilikuja kumwelewa miaka mingi baadaye, na hakukuwa na kamba yoyote mahali hapo.

Sasa nyumbani. Mimi ni mtu wa Murang'a niliyeoa Mbooni, na shemeji zangu hawajawahi kuniacha nisahau. Mama Mwende ndiye aliyekuwa mkuu wa jikoni ya kambi. Mungu alitupa mtoto mmoja, Mwende, na sote watatu tuliishi katika nyumba ya vyumba viwili katikati ya stoo na jikoni. Wengi wenu mnaoa au mnaolewa sasa, mtaletwa kuishi humo humo, kwa hiyo sikilizeni. Katika kazi hii mapumziko ya watu ndiyo kazi yako. Jumamosi na Jumapili za wengine ni za familia, zako ni za familia za wengine. Jumapili yetu ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu mtoto yuko shule. Wageni waliingia nyumbani kwetu wakidhani ni choo. Maji yakipungua, wageni walioga kwanza, na Mwende akaenda shule amenawa uso na miguu tu. Alijua kufunga fundo la umbo la nane kabla hajajua kusoma. Wageni walimpa peremende, wakapiga picha naye, wakasema mtoto huyu amebarikiwa kukulia mahali kama hapa. Mimi nikaitikia amina, na nadhani kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.

Mnajua duara. Baada ya kila zoezi, watu huketi kwenye yale mawe, mwalimu anawauliza wamejifunza nini. Mtu aliyetoka kuogopa mbele ya wenzake huwa mlaini, husema mambo ambayo hajawahi kumwambia mtu. Bosi hulia. Mume na mke husameheana. Ndiyo maana kuna ile sheria, ambayo mimi mwenyewe niliwakaririsha watu kabla hawajaketi: kinachosemwa kwenye duara kinabaki kwenye duara. Niliwainulisha mikono. Sikuwahi kuivunja hata mara moja. Yako mambo ya wakubwa wa nchi hii ambayo nitakufa nayo.

Lakini watu hawafunguki bure. Lazima mtu aanze, na mwanzilishi nilikuwa mimi. Nilikuwa na kipaji cha mifano, na mifano yangu niliitoa karibu, pale jikoni na chumbani kwangu. Kulikuwa na ule wa siku mimi na Mama Mwende tuliponuniana siku tatu kwa sababu ya chumvi. Kulikuwa na ule wa mama mkwe na kuku. Watu walicheka hadi machozi, na baada ya kucheka waliongea. Siku moja Mama Mwende alikuwa akigeuza muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, wa watu sitini kwa mwiko mkubwa kama kasia, akasikia kicheko kutoka kwenye duara. Aliponiona naingia jikoni akasema, "Baba Mwende, mimi nimewapikia hawa watu tangu asubuhi, na bado mimi ndiye mboga." Nikacheka. Hilo nalo nikalitumia Jumamosi iliyofuata.

Mfano wangu bora kuliko yote ulimhusu Mwende. Alipokuwa na miaka tisa alipanda jukwaa la juu kwa mara ya kwanza, akaogopa, na huko juu likatokea jambo. Halikuwa la hatari. Ni aibu ndogo ya mtoto aliyeogopa kupita kiasi. Nilikuwa nimeliandika hapa, lakini nilimpelekea Mwende karatasi hizi kwanza, na yeye ni mwalimu, ana kalamu nyekundu. Mstari huo ameukata, kwa hiyo hamtaujua. Mimi niliwaambia watu kila Jumamosi kwa miaka mingi. Nilikuwa na mahali pa kunyamaza kidogo, na mahali pa kuiga sauti yake. Mwisho wake nilisema, "Na leo anapanda kama tumbili," na wale waliokuwa wakitetemeka walisimama wakavaa mikanda. Ulifanya kazi, ndugu zangu. Hilo ndilo lililonidanganya.

Mwende alipoingia kidato cha kwanza tulimpeleka shule ya bweni upande wa Kitui. Siku ya wazazi tulienda na chapati na kuku aliyekaangwa, tukaketi chini ya kivuli cha darasa. Nikamuuliza habari ya shule. Akasema, "Nzuri." Marafiki? "Wako." Chakula? "Ni sawa." Alikula, akakunja mfuko wa chapati vizuri, akamrudishia mamake. Nilimwambia Mama Mwende njiani kwamba mtoto amekomaa. Mama Mwende alitazama nje ya dirisha la gari hadi Kitui mjini.

Iliendelea hivyo miaka miwili. Kila kitu kilikuwa "nzuri". Likizo alisaidia jikoni, aliosha sufuria, aliniamkia kwa heshima. Huyu ni mtoto ambaye zamani alikuwa ananifuata hadi kwenye stoo akiniuliza kama malaika hufunga mikanda. Sasa nikiingia chumba alichomo, baada ya muda kidogo alikuwa na kazi chumba kingine. Iliniuma, lakini nilisema ni umri.

Likizo moja ya Agosti tulikuwa na vijana wa kanisa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua kali, na kuna wasichana watatu waliokataa kabisa kupanda. Nikaona hapa panahitaji dawa yenyewe. Nikaanza, "Mimi nina binti." Sikuwa nimeona kwamba Mwende ameleta mtungi wa maji na vikombe, amesimama nyuma ya mawe. Aliuweka chini. Akainua mkono, kama mgeni yeyote anavyoruhusiwa.

"Mwalimu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Sheria ya duara ni gani?"

Nikajibu kwa mazoea, "Kinachosemwa kwenye duara kinabaki kwenye duara."

"Na ya nyumbani kwetu inabaki wapi?"

Hakupaza sauti. Aliokota mtungi, akawapa watu maji mmoja mmoja hadi wakaisha, kisha akarudi jikoni. Pasta wa vijana wale alikohoa akapendekeza tuimbe. Sikumbuki tuliimba nini.

Jikoni Mama Mwende ndiye aliyenieleza. Msichana mmoja wa kikundi cha kanisa cha kule Mutomo alikuwa amesikia mfano wangu kambini, na bahati mbaya akapangiwa shule moja na Mwende. Wiki ya kwanza bweni zima lilikuwa na habari hiyo. Walimpa jina. Miaka miwili mtoto wangu aliitwa kwa jina hilo kwenye foleni ya chakula, na kila alipoitwa alijua limetoka kwa babake.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza mke wangu.

"Alinikataza," alisema. "Alisema Baba akijua, atawaambia watu." Kisha akaongeza, akiwa ananitazama usoni, "Na leo ameongea kwa niaba yetu wawili."

Mnadhani hapo nilipata akili. Sikilizeni sasa kosa kubwa zaidi, ambalo mtu wa kazi nyingine hawezi kulifanya. Jumamosi iliyofuata niliketi kwenye duara mbele ya watu arobaini, moyo wangu umejaa, nikatubu. Niliwaeleza jinsi nilivyomkosea binti yangu, jinsi alivyosimama na mtungi, na lile swali lake. Nililia kwa kweli. Watu walilia. Baba mmoja alitoka hapo akampigia mwanawe simu. Nikaenda nyumbani mwepesi, nikidhani nimetengeneza. Mama Mwende alikuwa mlangoni na taulo begani.

"Tumesikia," alisema. "Sasa umempeleka sokoni mara ya pili."

Mwende alirudi shule bila kuniaga. Mganga hajigangi, vijana. Nilikuwa nimepatanisha watu na wakwe zao, na ya kwangu nilikuwa nimeyamwaga kama mtama kwenye kuku wengi.

Nilimwendea Mzee Kilonzo. Wakati huo alikuwa amezeeka, anakuja kambini tu kukagua kamba, nami nikaketi karibu naye nikamsaidia kuikunjua. Nilimweleza yote. Hakunihurumia wala hakunilaumu. Aliendelea kuipitisha kamba vidoleni.

"Mwangi, wewe ukiwa chini umeshika kamba, mtu yuko juu, unaongea na nani?"

"Na yule aliye juu."

"Na hawa watu wengine wamesimama hapa?"

"Siongei nao. Nawapa mgongo."

"Kwa nini?"

"Nikiwageukia nitamwangusha."

Akafika mwisho wa kamba, akafumbua macho. "Basi," alisema.

Hicho ndicho chuo nilichosoma. Nilimwandikia Mwende barua ya mistari mitatu, kwamba nimekosa, kwamba sitataja jina lake wala la mamake kwenye duara tena, na kwamba hahitaji kunijibu. Hakunijibu. Nikaanza kufanya kazi bila mifano yangu. Jamani, ilikuwa kama kupika bila moto. Niliketi kwenye jiwe nikauliza swali, kisha nikanyamaza. Mwanzoni watu walitazama viatu vyao. Meneja wa wakati huo aliniita akasema maoni ya wageni yanasema mwalimu siku hizi ni mkavu. Nilimwambia ni kweli, mimi ni mkavu. Lakini polepole niligundua jambo ambalo leo nyinyi mnafundishwa siku ya kwanza: ukiuliza swali moja zuri na ukavumilia kimya hadi kikuwashe, mtu huanza mwenyewe, na akianza mwenyewe huenda mbali kuliko nilivyowahi kumsukuma kwa kicheko. Hesabu pumzi ishirini. Wengi wenu mnashindwa na ya nane.

Likizo ya mwaka uliofuata Mwende alinikuta stoo nikikagua mikanda. Alisimama mlangoni. Bila kuulizwa akaniambia kwamba shuleni, siku askofu alipotembelea, yeye ndiye alikuwa akiongoza kwaya, akarudi nyuma hatua moja bila kuangalia, akaketi kwenye keki ya askofu. Mbele ya shule nzima. Aliniambia kila kitu, rangi ya keki, uso wa askofu, sketi. Kisha akasema, "Baba, hiyo ni yangu na wewe." Akaenda zake.

Mnielewe. Keki ya askofu. Katika maisha yangu yote sikupewa mfano kama huo. Ulikuwa na kiburi, ulikuwa na anguko, ulikuwa na neema, ulikuwa na krimu. Jumamosi hiyo tulikuwa na wanakwaya kutoka mji wa Salama, wanakwaya watupu, na hakuna hata mmoja aliyetaka kurudi nyuma akaangukia mikono ya wenzake. Ulimi uliniwasha. Nikamwona Mwende ameketi kwenye ngazi ya jikoni akichambua mchele, mchele ule ule, muda mrefu kuliko mchele wowote unavyohitaji. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nikajiambia. Nikauliza swali langu, nikahesabu pumzi. Jumamosi ya pili alikuwa tena pale na sinia lake. Nilinyamaza tena. Jumamosi ya tatu hakuja, alikuwa amelala hadi saa nne kama mtoto yeyote wa likizo.

Miaka kadhaa ilipita kabla hajaniambia kwamba hakukuwa na keki. Hata askofu hakuwahi kufika katika shule ile. Alikaa bwenini wiki nzima akiitunga, akijiuliza ni hadithi gani ambayo Baba hawezi kabisa kuiacha. Nilimuuliza angefanya nini kama ningeisema. Alisema angeendelea kuniambia kila kitu ni "nzuri" hadi nizikwe. Hakuwa anatania.

Kwa hiyo msidhani ilirudi siku moja. Kamba iliyobeba mzigo ule Kilonzo aliikata, hakuna anayejua kuitengeneza. Mtoto si kamba, na nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini alinipa mzigo mdogo kwanza, akangoja, kisha mwingine mkubwa kidogo, akangoja. Siku aliponijibu kwa urefu mara ya kwanza kwenye simu, nilimsogezea Mama Mwende ile simu naye asikie, na hata hapo nikajiuliza kama nimekosea.

Siku hizi tunaishi Mbooni, kwenye shamba la upande wa mke wangu, na magoti yangu yanalaani kila mteremko. Mwende anafundisha Mutomo. Mwezi uliopita boda boda ilimwacha kwenye barabara kuu akapanda njia ya miguu peke yake, bila kusema anakuja. Mamake alikuwa kwa jirani. Alinikuta uani nikimenya mbaazi. Akavuta kigoda, akaweka mbaazi zenye maganda mapajani mwake, tukamenya pamoja. Kisha akaanza kuongea. Hakuwa amekuja kwa jambo dogo. Nilimpa uso wangu na sikumwuliza swali hata moja, wala sikumpa andiko. Alipomaliza, beseni lilikuwa limejaa, na alifuta macho kwa mkono wenye rangi ya kijani ya maganda. Alisema yeye mwenyewe atamwambia mamake, kesho, kwa wakati wake.

Mama Mwende akatokea langoni, akamkumbatia bintiye, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akalitazama beseni.

"Mmekaa hapa muda wote huo," alisema. "Mlikuwa mnaongea nini?"

Mwende aliniangalia. Aliniangalia vile alivyonitazama alipokuwa na miaka tisa, kutoka juu ya jukwaa, kabla sijamgeuza kuwa mfano.

"Mbaazi," nikasema. "Mwaka huu mbaazi ni nzuri."

Mamake alijua ninadanganya, akacheka, akaingia kuweka chai. Na nyinyi pia, vijana wangu, najua mngependa kujua binti yangu aliniambia nini siku ile. Mwaka huu mbaazi ni nzuri sana.